Chungu cha dengu katika nyanda za Buha

Barabara itokayo Kigoma mjini huliacha ziwa nyuma upesi kuliko msafiri anavyotazamia. Ukifika Kidahwe, harufu ya dagaa na mawese iliyokusindikiza tangu Ujiji imekwisha kukatika. Katika kipande cha kilomita 63 kutoka hapo hadi Kasulu, gari hupanda, hupinda, hushuka mabondeni na kupanda tena, mpaka mtu wa pwani anaanza kulitafuta koti lake. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kasulu uko karibu mita 1,300. Wataalamu wa ramani huieleza tofauti hiyo kwa tarakimu. Akina mama wa Kasulu huieleza kwa maneno mengine: huku juu maharage hayana haraka.

Nao wanasema kweli. Kadiri mtu apandavyo mlimani, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kasulu hufika 96 hivi tu, na kuni za ziada haziwezi kuyapandisha zaidi ya hapo katika sufuria iliyo wazi. Maharage makavu ambayo Dar es Salaam huiva kwa saa mbili, hapa hudai muda zaidi, na kila nusu saa ina bei yake, iwe ya mkaa au ya mgongo wa aliyezibeba kuni. Wako wanaotia magadi ili kuyalainisha. Huiva upesi kweli, lakini magadi huharibu sehemu ya vitamini zilizomo, na ladha yake hubaki mdomoni.

Huku ni Buha, nchi ya Waha, ambako watu husalimiana kwa kupiga makofi ya taratibu na kuulizana hali mpaka wameridhika. Heru Juu, iliyokuwa makao ya watemi wa Heru, iko karibu na Kasulu. Kibondo ilikuwa sehemu ya Muhambwe. Udongo wake mwekundu huzaa mahindi, muhogo, ndizi na maharage kwa wingi. Ukiingia sokoni Dar es Salaam ukamsikia muuzaji akisifia maharage yake kwa jina la "soya Kigoma", jua kwamba anakuuzia jasho la watu hawa. Chumvi nayo haitoki mbali: Uvinza, katika mkoa huuhuu, imekuwa ikichemsha maji ya chemchemi zake na kupata chumvi tangu karne nyingi kabla ya misafara ya wafanyabiashara kufika Ujiji.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza chakula cha Kihindi kinaingiaje katika habari za Buha. Nami niliuliza hivyo hivyo. Nilifika Kasulu pamoja na mume wangu, aliyekuwa na shughuli zake za kumfikisha mpaka Kibondo, nasi tukapokewa na familia moja ya wazee wa Kiislamu. Mama mwenye nyumba ni mzaliwa wa Ujiji, aliyeolewa huku juu akiwa binti. Nyanya yake, kwa maelezo yake, alifanya kazi ya jikoni kwa familia ya Kihindi mjini Kigoma, ya watu wasiokula nyama kabisa. Wahindi walikuwa wamefika ufuoni kwa biashara, na reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 njia ya kutoka pwani ikawa nyepesi zaidi. Bibi yule hakujifunza kusoma mapishi. Alijifunza kwa kutazama. Aliyoyatazama akamrithisha bintiye, na binti akamrithisha mwenyeji wangu.

Wengi wetu tukisikia chakula cha Kihindi huiwazia biriani ya harusini, yenye nyama, zafarani na gharama. Hicho ni chakula cha siku moja. Chakula cha kila siku cha mamilioni ya watu wa Bara Hindi ni chungu cha nafaka ya jamii ya kunde, mboga moja ya kukaanga, na mkate wa kusukuma au wali. Wahindi wengi huacha nyama kwa sababu ya dini yao, na hayo si yetu. Sisi tumehalalishiwa wanyama tuliowachinja kwa jina la Allah. Lakini ufundi wa kukifanya kitu cha bei nafuu kiwe na ladha si mali ya dini moja. Chapati, bajia, achari na kachumbari vimekaa katika lugha yetu kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayeviuliza vilitoka wapi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali wa samli, na pembeni yake maembe, tangawizi mbichi na ndimu za achari. Bahari ya Hindi ilikuwa jiko moja kabla ya mipaka yetu ya leo.

Sasa niingie jikoni.

Mama alikuwa na dengu zilizokobolewa na kupasuliwa, alizozinunua sokoni. Dengu hazilimwi sana Buha. Huja kutoka upande wa Shinyanga na Simiyu. Zisipopatikana, alisema, choroko zilizopasuliwa hufanya kazi ileile na huiva mapema zaidi. Hapa ndipo nilipouona werevu wa mapishi haya kwa mahali kama Kasulu. Punje iliyopasuliwa haina ganda la kuzuia maji. Maharage mazima yakiwa bado magumu, dengu hizi zimekwisha kuvurugika. Alizichagua mawe, akaziosha mara tatu mpaka maji yakawa meupe, akaziloweka tangu alipotoka kuswali Adhuhuri mpaka karibu na Alasiri.

Kwa watu sita alipima vikombe viwili vya dengu na vikombe vinane vya maji, akatia kijiko kidogo cha binzari ya manjano. Chumvi hakutia. Maji yalipochemka alilitoa povu kwa upawa, akapunguza moto na kufunika nusu. Baada ya dakika arobaini na tano hivi alibonyeza punje moja kati ya vidole viwili, ikasagika kama siagi. Ndipo akatia nyanya tatu zilizokatwa, pilipili mbichi moja nzima isiyopasuliwa kwa ajili ya wajukuu, na chumvi. Akapondaponda kwa mwiko, si mpaka ikawa uji, bali mpaka mchuzi ukashikamana. "Mwanangu," aliniambia, "sisi tunakula na ugali wa muhogo. Mchuzi ukiwa maji, tonge litatoka mikono mitupu."

Kilichofuata ndicho roho ya chakula chenyewe. Katika kikaango kidogo alipasha vijiko vitatu vikubwa vya mafuta. Yalipokuwa ya moto sana alitupia kijiko kidogo cha binzari nyembamba nzima. Zikarukaruka na kutoa harufu kwa muda wa kuhesabu kumi. Papo hapo akatia kitunguu maji kilichokatwa vipande vyembamba, akakiacha mpaka kikawa rangi ya kahawia, kisha kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa. Vilipogeuka rangi tu, alikimimina chote, mafuta kwa viungo, juu ya chungu cha dengu. Kikalia chwaaa! Akafunika haraka mvuke usipotee, akaacha dakika tano.

Wahindi wana jina lao la kitendo hicho, nasi tuna letu: kuunga. Tofauti ni kwamba sisi huanza kwa kukaanga, na wao, kwa vyakula vya namna hii, huunga mwishoni, ili harufu ifike mezani ikiwa hai. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri yote ya bei nafuu ya mapishi haya. Viungo vinavyochemka saa nzima hudai kuongezwa. Vinavyotiwa mwishoni hutosha vikiwa kidogo. Pakiti moja ndogo ya binzari nyembamba, ya dukani pale pale mtaani, ilimtosha Mama wiki mbili.

Nilimuuliza kuhusu mawese, maana ndiyo mafuta ya nchi hii na yana rangi nyekundu inayompatia mtoto vitamini A. Alisema huyatumia, lakini kwa dengu zenye mboga ya majani tu, hasa lengalenga, kwa kuwa ladha yake ni nzito na huifunika binzari. Akaongeza onyo ambalo mabinti wengi hulipuuza: yasichomwe mpaka yakawa meupe. Rangi ikipotea, na faida yake imepotea.

Mboga ya pembeni ilikuwa bilinganya. Alizichoma mbili juu ya makaa mpaka maganda yakawa meusi na ndani zikalegea, akazimenya, akaziponda pamoja na kitunguu kibichi, nyanya, kotmiri na ndimu. Kazi ya robo saa. Siku iliyofuata ilikuwa kabichi iliyokaangwa na viazi na manjano, bila tone la maji, nayo sina la kuisifia sana. Kabichi ni kabichi.

Jioni hiyo, hata hivyo, chakula chenyewe kilitaka kuleta maneno. Shemeji yake Mama alikuwa amekuja kutusalimia. Sinia ilipoletwa, ugali, dengu, bilinganya na mtindi, aliitazama kwa muda kisha akamwambia nduguye, kwa upole lakini kwa uzito, kwamba mgeni aliyetoka mbali hivyo hapewi dengu. Kama fedha haikuwepo, angesema, wangechanga wakapata angalau kuku. Akatania kwamba hata Bani Israil walilaumiwa kwa kutaka adesi na vitunguu.

Si jambo dogo, na wenyeji wa sehemu hizi wataelewa. Nyama kwa mgeni ni heshima, na kuna nyumba zinazokopa ili heshima hiyo isivunjike. Kilo moja ya nyama hulingana kwa bei na kilo kadhaa za maharage; mwenye watoto sita anajua hesabu hiyo inamaanisha nini wiki inayofuata, mgeni akishaondoka. Mama hakujibu. Niliona tu mkono wake ukilivuta bakuli la dengu upande wake, kana kwamba anataka kulificha.

Mzee ndiye aliyejibu. Alimwambia nduguye kwamba katika aya ile, ya 61 ya Suratul Baqara, adesi hazikuharamishwa wala kudharauliwa. Waliolaumiwa ni watu waliochoka na neema waliyopewa. Kisha akakumbusha alichosimulia Bi Aisha (RA), kwamba ilipita miezi moto usiwashwe katika nyumba za Mtume (SAW), na riziki ikawa tende na maji. "Ndugu yangu," alisema, "sikumnyima mgeni. Nimempa tunachokula, na hatudaiwi." Shemeji alicheka, akanawa, akala. Alipoondoka aliomba kiporo apeleke nyumbani, na Mama akamfungia kwenye kibakuli chenye mfuniko.

Mimi naupa uzito upande wa Mzee kwa sababu nyingine pia. Ugali wa muhogo hushibisha, lakini protini yake ni ndogo mno; mahindi yana zaidi, ila hukosa sehemu ya virutubisho ambavyo dengu, choroko na maharage vinavyo tele. Vikikutana katika sinia moja, kila kimoja humkamilisha mwenzake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mtoto hapati nafuu kwa kipande cha nyama cha mara moja kwa mwezi kilichofika kwake kikiwa mchuzi. Kijiko cha dengu zilizopondwa kila siku, na ndimu juu yake ili mwili upate kuyachukua madini ya chuma, humfikia. Na chai ya rangi ingojee saa moja baada ya mlo, kwa kuwa huyazuia madini hayo. Desturi yetu ya kushushia chakula kwa chai inawaponza wajawazito.

Kuna jambo lililonikera muda mrefu. Mbaazi, ambazo Wahindi huzipika hivyo hivyo, hulimwa kwa wingi Lindi, Mtwara na Manyara, na sehemu kubwa ilikuwa ikiuzwa India. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa uingizaji, bei ilianguka vibaya na magunia yakabaki majumbani kwa wakulima. Tulikuwa na chakula ambacho mnunuzi wa ng'ambo anakijua thamani yake kuliko sisi tuliokilima.

Tuliondoka Kasulu alfajiri kuelekea Kibondo. Njia hupita katika miinuko ya misitu ya miombo, yenye mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, kwa maana Kibondo inasifika kwa asali. Katika wilaya ya Kasulu iko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita Kongo, na baadaye ikawapokea Warundi pia. Kibondo ilifunguliwa Nduta. Hatukuingia kambini. Lakini habari za kambi humfikia kila apitaye sokoni, kwa sababu chakula cha mgao hutoka nje kwa njia zake. Pamoja na unga wa mahindi, mafuta na chumvi, wakimbizi hupewa njegere kavu za njano zilizopasuliwa, na baadhi huziuza au huzibadilisha ili wapate chumvi ya ziada, sabuni, au maharage waliyoyazoea.

Mwanamke mmoja sokoni Kibondo alikuwa na kilima chake kidogo cha njegere hizo, na wanunuzi walikipita. Alisema watu huzichemsha kama maharage, hazikai punje, hugeuka uji wa njano usio na ladha, na watoto hukataa. Nilizitazama kwa makini. Ni ndugu wa dengu za Mama wa Kasulu kabisa: kukobolewa kule kule, kupasuliwa kule kule. Mahali pengi duniani wapishi wa Kihindi huzitumia dengu zikikosekana. Kinachoonekana kuwa ila, yaani kuvurugika, ndicho kinachotafutwa katika chungu hiki.

Nayo si habari ya ladha peke yake. Mgao umepunguzwa mara kadhaa, ikiwamo mwaka 2017 na mwaka 2023, kwa sababu ya uhaba wa fedha za misaada. Anayepewa kidogo kisha akakiuza kwa hasara kwa kuwa hajui kukipika, amepunguziwa mara mbili. Na kuni za kuchemsha maharage magumu hutafutwa msituni na wanawake na wasichana, mwendo mrefu, katika njia ambazo baadhi yao wamedhurika kwa namna ambazo gazeti la familia halihitaji kuzieleza. Chungu kinachoiva kwa dakika arobaini badala ya saa tatu kinampunguzia mtu safari.

Nilimwandikia yule muuzaji vipimo kwenye karatasi, naye akamwita jirani yake wa kibanda cha viungo asikilize. Yule jirani, Mrundi mwenye Kiswahili kizuri cha Bujumbura, alisema kwao mapishi haya si mageni. Kulikuwa na majirani Wahindi, na harufu ya binzari ilikuwa ikivuka ukuta. Hakuwahi kuthubutu kuuliza inapikwaje.

Kibondo tulilala usiku mmoja kwa ustadhi anayesomesha watoto. Asubuhi mkewe alituandalia mseto, wali na choroko vilivyopikwa pamoja mpaka vikalainika, na samli kidogo juu. Niliutazama ule mseto nikamkumbuka tena Ibn Battuta, ambaye katika habari zake za India anaandika kwamba watu wa huko hupika choroko na mchele pamoja, hula na samli, na hicho ndicho kifungua kinywa chao cha kila siku. Jina lake akaliandika kishri. Bibi wa pwani anayempikia mjukuu mgonjwa mseto hajui kwamba anapika chakula ambacho msafiri wa Tanja alikiandika karne saba zilizopita. Mke wa ustadhi hakuvutiwa sana na Ibn Battuta. Alitaka kujua kama njegere za njano zinaweza kuingia mahali pa choroko, kwa sababu choroko zilikuwa zimepanda bei.

Nilimwambia zinaweza, ila mchele utangulie kulowekwa na njegere zichemshwe peke yake dakika ishirini kabla ya kukutana nao. Akaniuliza habari ya futari: Ramadhani iliyopita walifuturisha watoto arobaini wa madrasa kwa uji na mihogo, na bajia alizitamani lakini mafuta ya kukaangia hayakutosha. Tukahesabu pamoja, kwa vidole, kwamba vikombe kumi na vinne vya njegere kavu vingewatosha watoto hao kwa mchuzi mzito, na mafuta ya kuungia yasingezidi theluthi moja ya lita.

"Na manjano, ukhti?" aliuliza, mume wangu akiwa amekwisha kuita kutoka barabarani kwamba gari limefika.

Vijiko vidogo saba, nilimwambia. Aliandika saba kwa mkaa ukutani, karibu na jiko, juu ya hesabu nyingine za zamani.